Jumamosi Saa Kumi, Gazeti Moja

Wiki tatu zilizopita niliitwa na kiongozi mmoja wa serikali yetu ya wanafunzi. Nilienda nikidhani nimekosa jambo, kumbe naitiwa zawadi. "Kaka," akaniambia, "kile kikundi chenu cha Jumamosi kinafanya kazi nzuri, ila hakina sura. Tukisajili kiwe klabu ya midahalo, mtapata fulana, mtapata posho kidogo, na mtaenda kushindana na vyuo vingine. Mkishinda mnarudi na kikombe." Halafu akaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo akiwa mlangoni, kwamba midahalo itakuwa ya Kiingereza, maana huko kwenye mashindano ndiyo lugha inayotumika.

Nilimshukuru, nikaomba muda. Muda umeisha. Wenzangu wameniachia mimi kazi ya kujibu, na naona bora nijibu hapa, mbele ya wote: hapana, asante. Sijibu kwa kiburi. Fulana naipenda kama mtu mwingine yeyote, na posho, jamani, nani anaikataa bumu likiwa bado halijaingia? Lakini tunachopewa na tunachoombwa kukiacha havilingani, na nadhani aliyetuita hajui kwamba anatuomba tuache kitu.

Kwa wasiotujua, sisi ni watu kumi na wanne kwenye karatasi, na watu wanane au tisa kwenye vimbweta vya nyuma ya maktaba, chini ya mwembe, kila Jumamosi saa kumi jioni. Wakati wa mitihani tunakuwa wanne. Kuna Jumamosi moja nilikaa peke yangu na gazeti langu hadi saa kumi na moja, nikasoma hadi matangazo ya vifo, nikaondoka. Kila wiki mmoja wetu ananunua gazeti. Anachagua makala moja. Anaisoma yote kwa sauti, kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho, na hakuna anayeruhusiwa kufungua mdomo kabla hajamaliza.

Kisha linakuja swali ambalo wageni wote linawaudhi: mwandishi amesema nini? Hatuulizi "wewe unaonaje". Hilo lina zamu yake. Kwanza mtu mmoja anasimulia makala kwa maneno yake, na wengine wanamsahihisha mpaka waridhike kwamba hajamsingizia mwandishi. Hapo ndipo tunaanza kubishana. Kuna siku usimulizi peke yake umekula dakika arobaini, kwa sababu tuligundua kwamba watu wanane tulikuwa tumesikia makala nane.

Kanuni hii haikutokana na hekima yoyote. Ilitokana na aibu. Tulipoanza, tulikuwa tunajadili vichwa vya habari. Nyote mnaijua ile tabia: unasimama kwenye meza ya muuza magazeti pale stendi, mikono nyuma, unasoma kurasa za mbele zote bila kununua hata moja, halafu unakwenda kijiwe cha kahawa kuchambua nchi. Asubuhi redio nazo zinasoma vichwa hivyohivyo, tunaita habari. Sasa wiki yetu ya pili mtu alikuja na picha kwenye simu, kichwa cha habari kuhusu mikopo ya wanafunzi. Tulipiga kelele saa nzima. Tulikasirika vizuri kabisa. Mwisho dada mmoja mpole akauliza makala yenyewe iko wapi. Ikatafutwa, ikapatikana, ikawa ya miaka mitatu nyuma, na inazungumzia kinyume cha kile tulichokuwa tunakilaani. Tulicheka, lakini kile kicheko hakikuwa cha furaha.

Ndiyo maana tunasoma kwa sauti. Si ubunifu wetu. Mambo Leo lilipoanza kutolewa mwaka 1923, wajuao kusoma walikuwa wachache, na gazeti moja lilisomwa na mmoja, likasikilizwa na wengi. Babu zetu wengi walilijua gazeti kwa masikio. Tofauti yetu na wao ni kwamba sisi sote tunajua kusoma na bado hatusomi, kwa hiyo dawa imebaki ileile.

Sasa nieleze siku iliyonifanya nikatae kikombe.

Ilikuwa zamu ya kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, mtoto wa Dar. Alileta makala ya maoni iliyosema mkoa wetu uachane na tumbaku, kwa sababu miombo inakatwa kwa ajili ya kuni za kukaushia, na ardhi inabaki tupu. Makala nzuri, imeandikwa kwa uchungu. Tukaisimulia haraka, maana ilikuwa wazi. Tukaanza kukubaliana. Kila mtu alikuwa na lake la kuongeza: mvua zimepungua, joto limezidi, afya ya wavutaji, kadhalika na kadhalika. Kulikuwa na dada mmoja wa mwaka wa pili, kwao Urambo. Alikuwa amehudhuria labda mara sita na hajawahi kusema zaidi ya "mwangaluka" akifika. Siku hiyo aliinua mkono.

Alisema: "Mimi nimesomeshwa na bani."

Wengine hatukujua bani ni nini. Akatueleza. Ni kile kibanda cha kukaushia tumbaku ya mvuke, na moto wake haulali. Mtu lazima akeshe usiku kuutazama, na kwao aliyekesha mara nyingi ni yeye na mdogo wake, wanapokezana, daftari mkononi. Akatueleza jinsi mkulima anavyochukua mbolea na mbegu kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na deni linavyomsubiri mwisho wa msimu. Akatueleza kuhusu mteuzi, yule anayeitazama tumbaku na kuipa daraja. Daraja likishuka hatua moja, ada ya mtoto imeondoka. Akatueleza kwamba bei hutajwa kwa dola na baba yake hajawahi kuishika dola hata moja mkononi. Hakuwa analalamika. Alikuwa anatuonyesha njia ya kupita, kama mwenyeji anavyomwonyesha mgeni.

Tukadhani tumeelewa: huyu anapinga makala. Kijana wa Dar akaanza kujitetea. Dada akamkatisha: "Ngoja kaka, sijamaliza. Mwandishi amesema kweli." Kisha akaeleza kijito cha nyuma ya kwao, ambacho mama yake alichota maji akiwa msichana, na sasa ni mchanga. Kuni zilizokuwa zinatafutwa kwa mguu sasa zinaletwa na tela. Alisema hajui baba yake aache nini na ashike nini. Alisema alizeti waliijaribu. Asali wanayo, lakini mzinga unataka mti, na mti ndio unaokatwa.

Tulikaa kimya kidogo. Halafu tukarudi kwenye makala na kuisoma aya moja tena, ile iliyosema wakulima "wabadilike", na kwa mara ya kwanza tukaona kwamba mwandishi hakuwa ameandika neno hata moja kuhusu mkopo. Mkulima mwenye deni la mbolea ya tumbaku kwenye chama habadiliki kwa kusoma gazeti. Hilo lilikuwa pengo la makala, na hakuna hata mmoja kati yetu sisi wajuaji aliyekuwa ameliona.

Hebu sasa mchukueni dada huyu mumpeleke kwenye mdahalo. Mwenyekiti atamuuliza: upo upande gani, watetezi au wapinzani? Atapewa dakika tano. Akiwa mtetezi hatasema habari za bani, kwa sababu zinamharibia hoja. Akiwa mpinzani hatasema habari za kijito. Nusu ya anachokijua itabaki mfukoni, na nusu itakayotoka itatoka kwa Kiingereza, ambacho hakina mteuzi wala bani wala chama cha msingi kwa namna anavyovijua yeye. Nina uhakika asingeinua mkono kabisa. Na mtoto wa Dar angeshinda. Angechukua kikombe kwa jambo ambalo halijui.

Najua mtaniambia midahalo inafundisha kujiamini. Ni kweli, nimepita huko. Sekondari nilikuwa msemaji, nilijua kusimama, kuigonga meza, kusema "Mheshimiwa Mwenyekiti" kwa sauti inayotetemesha madirisha. Nilifundishwa kutetea kwamba elimu ni bora kuliko fedha, na wiki iliyofuata kwamba fedha ni bora kuliko elimu, na nilishinda mara zote mbili. Sikufundishwa kitu kimoja: namna ya kusema "hapo umenipata, nimebadili mawazo." Kwenye mdahalo ukibadili mawazo umeiangusha timu.

Na hili, kusema kweli, linanisikitisha zaidi kwa kuwa tuko Tabora. Mji huu una historia ya watu kubadili mawazo kwa kusikilizana. Januari 1958 TANU ilifanya hapa mkutano wake mkuu wa mwaka. Jambo lililokuwa mezani lilikuwa kura tatu. Mkoloni alikuwa ametangaza uchaguzi ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki yenyewe ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au cheo. Kipato kilichotakiwa kilikuwa pauni 150 kwa mwaka, fedha ambayo Waafrika wengi hawakuiona. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameshaamua: tususie. Na walikuwa na sababu. Ulikuwa uchaguzi wa matusi. Mwalimu Nyerere alitaka waingie hivyohivyo. Walibishana kwa siku kadhaa, na mwisho wengi wakakubali kuingia. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na TANU ikashinda. Uamuzi ule mpaka leo unaitwa Uamuzi wa Busara wa Tabora.

Hapo huwa tunaishia, tunapiga makofi. Mimi huwa namkumbuka na Zuberi Mtemvu. Yeye hakushawishika. Aliondoka TANU, akaanzisha chama chake, African National Congress, na mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere akaambulia kura 21,000 na ushee. Wanahistoria wa vijiweni humcheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Hoja yake kuhusu matusi ya kura tatu ilikuwa na uzito, na mkutano ambao wote wanatoka na wazo moja ningeutilia shaka. Ninachosema ni kwamba mkutano ule haukuwa na kikombe. Waliobadili mawazo hawakuambiwa wameshindwa, na mambo yakasonga.

Nyerere mwenyewe mji huu aliujua akiwa na umri wetu na chini yake. Alisoma Shule ya Tabora kuanzia 1937, na baada ya Makerere alirudi kufundisha St. Mary's, hapahapa, kuanzia 1946 hadi alipokwenda Uingereza mwaka 1949. Yaani tunapita kila siku kwenye barabara alizopita na mkoba wa madaftari ya kusahihisha.

Lakini hata kabla yake, Tabora ilikuwa mji wa habari. Barabara ya misafara ilitoka Bagamoyo ikafika hapa Unyanyembe, ikagawanyika: moja Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe na nguo na shanga zilipita, na watu waliouzwa walipita, tusisahau hilo tunapoisifu miembe ya njiani. Pamoja nazo zilipita habari, midomoni mwa wapagazi. Mwaka 1871 Stanley alikuta Kwihara mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mwenye barua yuko mbali anasubiri, na barua zake zimelala hapa, kilomita chache kutoka kwenye hivi vimbweta vyetu. Zilipomfikia zilikuwa na karibu mwaka mzima tangu zifungwe Unguja. Huwa naufikiria sana mfuko ule. Sisi leo habari inatufikia kwa sekunde, na bado hulala hapahapa kwenye simu bila kufunguliwa, tumesoma tu kilichoandikwa juu ya mfuko.

Mtu ataniuliza, na nimeshaulizwa na mzazi wangu: hamuogopi? Jumamosi, gazeti, siasa, watoto wa watu. Sitajifanya shujaa. Tumekulia kwenye miaka ambayo Mawio na MwanaHALISI yalifungiwa, 2017, na Tanzania Daima likanyang'anywa leseni, 2020. Leseni zile zilirudishwa Februari 2022. Tumekulia kwenye miaka ambayo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, 2018, ikawa hatari kisheria kutangaza takwimu zinazozipinga za serikali, kabla haijalegezwa mwaka uliofuata. Kijana aliyekua hivyo hujifunza kuangalia pembeni kabla ya kusema. Hata chini ya mwembe wetu kuna wakati mtu huanza sentensi, akaangalia njia, akaimalizia kwa utani.

Kusoma makala nzima kumetusaidia hapo pia, jambo ambalo sikulitarajia. Ukiwa na ukurasa mbele yako huhitaji kupayuka. Unasema: hapa imeandikwa hivi, hapa hesabu haikai, hapa hajataja chanzo. Tulisoma makala kuhusu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, linalopita mkoani kwetu. Mmoja alikuwa na ujumbe wa kusambazwa simuni wenye namba za kutisha na wa pili alikuwa na ujumbe wa kusifu wenye namba za kupendeza. Tukaweka zote mbili pembeni. Bahati nzuri tulikuwa na mtu wa Nzega, wilaya yenye kile kiwanda cha Sojo cha kuyawekea mabomba kinga ya joto, akatueleza nani kijijini kwao alipata kazi na nani alikuwa bado anauliza kuhusu fidia ya shamba. Hakuna aliyetukana mtu. Hakuna aliyesifu mtu pia. Tuliondoka tukiwa na maswali manne yaliyoandikwa nyuma ya bahasha, na bahasha hiyo ninayo.

Kasoro zetu nazitaja mwenyewe kabla hamjanitajia. Wavulana tunaongea mno. Tumeweka utaratibu wa zamu na bado tunaongea mno. Makala za uchumi tunazikwepa kwa sababu zinatuchosha, kisha tunalalamika kwamba hatuelewi bajeti. Na mimi mwenyewe naongoza kikundi kama kirangozi asiyejua kazi yake. Kirangozi wa msafara alitangulia mbele na bendera, kweli, ila mizigo haikuwa yake, na akipotea njia wapagazi walimwambia. Mwezi uliopita waliniambia. Nilikuwa nimefunga mjadala mara tatu mfululizo kwa maoni yangu, nikiita "muhtasari". Siku hizi anafunga mwingine, na mimi naleta matobolwa.

Basi, kwa viongozi wetu, kama nia ya kutusaidia bado ipo, tunahitaji vitu viwili na vyote ni rahisi kuliko fulana. Kwanza, magazeti mawili ya kila Jumamosi, ya Kiswahili, yanayobaki maktaba baada yetu na kutunzwa kwa tarehe. Sasa hivi magazeti ya zamani hapa chuoni yanaishia kufungia karanga. Wiki iliyopita nilinunua karanga nikakuta nusu ya makala niliyokuwa naitafuta tangu Machi, na nusu nyingine bila shaka iko na mteja aliyetangulia. Pili, ufunguo wa chumba kimoja cha darasa kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa sababu mvua ya Tabora ikianza mwembe haufai kitu. Wanaotaka klabu ya midahalo waianzishe, na wakihitaji mtu wa kuwafundisha kugonga meza nitakuja.

Dada wa Urambo ndiye mwenye zamu Jumamosi hii. Ameshanunua gazeti na amekataa kuniambia amechagua makala gani. Kijana wa Dar anasema anajua, ila naye kakataa. Saa kumi, nyuma ya maktaba. Anayekuja aje na kikombe chake cha chai, vya kwetu ni vitano tu.